Barua ya Mtu Hairukwi

Nyakabiga, Bujumbura
12 Novemba 2024

Kaka yangu Hamood,

Amani ikufikie wewe, mwanao Idi, mkewe, na wale pacha ambao nasikia sasa wanakimbia. Huku tu wazima. Mvua imeanza vizuri, mafuta ya gari yameisha vibaya, kwa hiyo mji mzima unatembea kwa miguu na kila mtu amekonda isipokuwa mimi. Jirani yangu Odette anakusalimu. Bado anakumbuka redio mbovu uliyomuuzia dukani kwa Baba mwaka wa themanini na sita. Anasema hana kinyongo, anakumbuka tu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu masikio yako hayataki tena simu, na simu yako yenyewe anayeishika ni mke wa Idi. Hili si la mke wa Idi. Barua anakuja nayo Yasmina, yule anayefuata mizigo Dubai. Ameahidi kuipitisha Muscat kwa shangazi yake, naye ataileta Ibra.

Afya yangu ni ile ile ya sukari. Sindano asubuhi, sindano jioni. Anayenichoma ni Odette, maana alikuwa muuguzi miaka thelathini na mkono wake ni mwepesi. Lakini mwanawe anamtaka Gitega, na baada ya Pasaka anahama.

Sasa jambo lenyewe, kaka, na kaa chini kwanza. Nataka kuolewa. Najua nina miaka sitini na mitano, huna haja ya kunikumbusha. Mtu mwenyewe unamjua, ni Jaffar.

Ndiyo, Jaffar yule yule aliyeniacha. Mkewe alifariki mwaka juzi. Mume wangu Twalibu, Mungu amrehemu, ana miaka minane kaburini. Sheria haina neno: baada ya talaka tatu niliolewa na mtu mwingine, nikawa mjane, eda ikaisha zamani. Sheikh Tajudini amehesabu yote na anasema kimebaki kitu kimoja, idhini ya walii wangu. Baba hayupo, kwa hiyo walii ni wewe. Andika mistari miwili kwamba umemwakilisha sheikh aniozeshe kwa niaba yako, tia sahihi, basi.

Jaffar aliniomba radhi barazani kwangu, mbele ya Odette. Alikosea, na amesema alikosea. Usikawie, Pasaka si mbali.

Dada yako anayekuombea,
Basma


Ibra, Oman
20 Desemba 2024

Kwa Basma, dada pekee niliyebaki naye,

Nashukuru Mungu kwa habari zako. Hapa baridi ya asubuhi imeingia kwenye magoti. Pacha wamevunja kioo cha kabati. Idi alinipeleka kwa daktari wa masikio, nikapewa kidude cha kuvaa. Kinapiga kelele kama panzi, nimekiweka kwenye droo.

Nimeona mwandiko. Wako ulikuwa kama kuku aliyepita kwenye unga, na huu umenyooka. Nani anakuandikia? Hukunieleza.

Nimeona pia ombi lako. Basma, mimi ni mzee lakini sijasahau. Karani wa magunia, aliyekuwa akihesabu mizigo ya watu bandarini, Baba akampa binti yake kwa huruma. Akagombana na mimi, na kwa hasira yake juu yangu akakuapia wewe: ukivuka kizingiti cha nyumba yake ukiwa na kaka yako, umeachika mara tatu. Mama yuko kitandani, anakuita, nimekuja kukuchukua. Ukavuka. Ni mtu gani anayeweka kiapo kati ya mtoto na mama yake mgonjwa?

Miaka thelathini na minne imepita. Sasa nasikia Buterere maji yameingia majumbani, na yeye anaishi Buterere. Ndipo akakumbuka kwamba Basma ana nyumba kavu Nyakabiga. Mbwa akilowa hujua mlango ulio wazi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Njoo Ibra. Chumba kipo, hospitali ipo, wasichana wakubwa wa Idi watakuhudumia. Niambie tarehe, nikutumie tiketi.

Kaka yako,
Hamood


Nyakabiga
14 Januari 2025

Kaka Hamood,

Pole ya magoti, na vaa hicho kidude. Heri kusikia panzi kuliko kutosikia kitu. Hapa Odette amepata mjukuu wa tano, wamemwita Joëlla, na amefurahi mpaka chumvi anatia mara mbili kwenye mchuzi.

Mwandiko hubadilika mtu akizeeka. Tuliache hilo.

Umeniuliza ni mtu gani. Acha nikwambie anavyokaa. Saa moja asubuhi anafika kwa miguu kutoka Buterere, viatu mkononi, maana njia yao ni matope. Haingii ndani. Anakaa barazani, Odette anaingia kunichoma sindano, na yeye anauliza dirishani sukari imesoma ngapi, anaandika kwenye daftari. Chupa za dawa tunaziweka kwenye mtungi wa maji kwa sababu umeme unakuja unavyotaka. Yeye ndiye anayebadilisha maji. Dawa ikikosekana katikati ya mji anaitafuta mpaka Jabe, duka kwa duka. Ananipikia uji wa ulezi kwenye jiko la mkaa pale pale nje, na si mpishi, kaka. Uji wake una madonge kama mawe ya mtoni. Naunywa. Magharibi ikiingia anarudi kwenye maji yake. Mwaka mzima sasa.

Kuhusu nyumba, yeye ndiye aliyesema niandike kwa sheikh kwamba nikifa inarudi kwa watoto wako. Karatasi iko msikitini tangu Septemba. Kwa hiyo huyo mbwa wako hataki mlango.

Ibra siji. Huko nitakuwa mgonjwa katika nyumba ya watu, na wasichana wa Idi watanifanyia heshima mpaka nichoke. Hapa kuna mtu ambaye tukigombana juu ya madonge ya uji siku yangu imepita. Nampenda, Hamood. Nimeona haya kuliandika, lakini basi limeandikwa.

Sheikh Tajudini anasema hivi: walii akikataa bila sababu ya kisheria, na akakataa kwa maandishi, yeye mwenyewe anaweza kuniozesha. Kwa hiyo hata hapana yako itanifaa. Usichoweza kunipa ni kimya.

Basma


Nyakabiga
20 Februari 2025

Hamood,

Salamu. Wote wazima. Umenipa kimya.

Jumapili nilianguka bafuni. Niliteleza, nikaangukia nyonga, sikuweza kuinuka wala kuifikia kanga. Maji yalikuwa yanaendelea kutoka. Jaffar alikuwa barazani, akasikia. Alifika mpaka nyuma ya mlango. Odette alikuwa kanisani.

Akasema, "Basma, acha niingie. Mungu ataniuliza mi, apana we."

Nikamkataza. Nilikuwa uchi, na yeye si mume wangu. Akatoka kumwita jirani wa kushoto, hayuko. Wa kulia, hayuko. Akarudi akakaa chini nyuma ya ule mlango akawa anaongea nami ili nisilale, anataja majina ya watu wa zamani wa bandarini mmoja mmoja. Saa nzima na dakika ishirini. Odette aliporudi alinikuta nimekuwa baridi na midomo imebadilika, maana sukari ilikuwa imeshuka.

Odette ni Mkristo, hana habari ya walii. Alitugombeza wote wawili. Alisema, "Mi naenda Gitega kwa mutoto wangu. Siku ingine ikiwa hivi, mutakaa mukiangaliana na mulango mupaka mumoja akufe?"

Sheikh anasema dharura inaruhusu, angeingia. Najua. Lakini dharura ya kila asubuhi si dharura tena, ni maisha, na sitaki kuishi maisha yangu ya mwisho nikimtafutia Mungu visingizio. Nataka mume aingie kwa sababu ni mume.

Nyonga haikuvunjika, imevilia damu. Kukaa ni shida.

Sema ndiyo au sema hapana. Nimekukasirikia sana.

Basma


Ibra
8 Machi 2025

Kwa Basma,

Ramadhani njema. Barua zako mbili zimefika siku moja, maana shangazi yake Yasmina alikuwa umra na ile ya Januari ilimngoja nyumbani kwake. Usinihesabie kimya ambacho si changu.

Nimesoma habari ya bafuni na sikula futari. Nakwambia ukweli, niliogopa. Ndiyo maana nakuomba tena uje. Tiketi naweza kuikata kesho.

Lakini kuhusu yule, sina neno jipya. Alikaa nyuma ya mlango, umemsifu. Na mimi nakuuliza, mlango gani? Miaka thelathini na minne nyuma alikuwa na mlango mwingine, akautumia kukukata kama mtu anavyokata kamba. Mwanamume mwenye akili hatii ndoa yake kwenye ulimi. Ni mjinga, ni mpumbavu, na uzee haumtoi mtu upumbavu, unampunguzia meno tu. Mwambie nimesema hivyo. Na kama ana aibu, akuulize mwenyewe ulilia miezi mingapi.

Usisahau kwamba mimi ndiye niliyekuja kukuchukua. Mama alikuwa mgonjwa, nikaja. Mimi sikuapa kiapo chochote.

Umeniomba ndiyo au hapana. Mwezi huu ni wa ibada. Nitafikiri baada ya sikukuu.

Hamood


Nyakabiga
1 Aprili 2025

Kaka yangu Hamood,

Sikukuu ya Idi imepita salama. Odette alileta samaki, mukeke wa kukaanga, tukala watatu, yeye na mimi ndani na Jaffar dirishani. Ameahirisha Gitega kwa wiki tatu kwa ajili yangu. Mwanawe amenuna.

Uliniagiza nimwambie Jaffar kwamba ni mjinga na mpumbavu. Sikuhitaji. Amejisomea.

Wewe ulikwishaona, ila hukutaka kuona. Mimi sioni, Hamood. Sukari imekula macho, la kushoto tangu kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, la kulia likafuata. Nuru naijua, dirisha najua liko wapi, basi. Sikukwambia kwa sababu ungekuja kunizoa kama mzigo, na kwa sababu niliona haya. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, usiniandikie. Bafuni sikuteleza, nilikanyaga ndoo ambayo sikuiona.

Barua zangu zote zimeandikwa na karani wa magunia. Mimi nasema kutoka ndani, yeye anaandika barazani. Na zako zote amenisomea yeye. Pale ulipomwita mbwa nilimsikia anafuta miwani, kisha akasoma mbwa. Nilimwambia aruke. Akasema, "Barua ya mutu hairukwi. Nikiruka neno moja leo, kesho utaniamini aje nikikusomea namba ya sindano?"

Ile ya Machi alinisomea mpaka mwisho, mjinga na mpumbavu na meno, kwa sauti ile ile anayosomea dawa. Halafu akaniuliza kama ulivyoagiza: nililia miezi mingapi. Nikamwambia kumi na mmoja. Akaenda kumwaga maji ya mtungi ambayo alikuwa ameyabadilisha asubuhi hiyo hiyo.

Huyo ndiye mtu ninayekuomba uniruhusu niolewe naye.

Na usijisumbue kuhusu siku ile. Sijawahi kukulaumu. Mama alikuwa ananiita, ningevuka vizingiti kumi. Jaffar naye anasema hivyo hivyo sasa. Wewe ulifanya la mtoto kwa mama yake, na mimi nimekushukuru kila mwaka, kwa sababu kama Mama angekufa siku ile sijamwona nisingejisamehe. Mungu akampa miaka tisa zaidi.

Nasubiri.

Basma


Ibra
22 Aprili 2025

Bismillah.

Mimi Hamood bin Said, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa, kaka wa Basma binti Said kwa baba na mama na walii wake, nimemwakilisha Sheikh Tajudini wa Bujumbura amwozeshe dada yangu kwa Jaffar bin Ramadhani, kwa mahari watakayokubaliana. Mashahidi wa sahihi yangu ni mwanangu Idi na imamu wa msikiti wetu, ambao wametia zao hapa chini.

Basma, hiyo ndiyo karatasi uliyotaka. Mpe sheikh. Mungu awabariki.

(Karatasi ya pili)

Basma, na wewe unayesoma.

Nimeandika hii mara nne na kuchana. Ulisema umenishukuru kila mwaka. Siwezi kukaa na shukrani hiyo.

Mama hakuwa mgonjwa.

Wiki moja kabla, nilikuja kwenu kukutembelea, ukanieleza kiapo cha Jaffar. Ulinieleza ukiniomba niende nikazungumze naye, tupatane. Nikakwambia nitafikiri. Nilifikiri. Niliona njia rahisi ya kukutoa kwa mtu niliyemdharau, na njia yenyewe ameitengeneza yeye. Jumanne nikaja mbio, nikakwambia Mama yuko kitandani anakuita. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Nilipita kwake kwanza, nikamwambia una ugomvi na mumeo, ukimwona amelala utalainika, ajilaze kidogo. Akajilaza. Hakujua kiapo. Alipokijua, siku ya tatu, alikataa kula chakula changu mwezi mzima. Nilimwambia akikueleza nitahama mji na hataniona tena. Akanyamaza mpaka kaburini, na mji nikauhama vile vile.

Mimi ndiye niliyekuacha, Basma. Yeye alisema maneno, na mimi nikakushika mkono nikakuvusha.

Hamood


Nyakabiga
12 Mei 2025

Kwa Hamood bin Said,

Salamu kwako na kwa jamaa zako. Leo siandiki kwa niaba ya mtu. Hii ni yangu, Jaffar.

Ijumaa tarehe tisa, baada ya sala, Sheikh Tajudini alituozesha. Odette alikuwepo, amevaa kitenge kipya, akalia kuliko bibi harusi. Jumamosi akaondoka Gitega. Jumapili asubuhi nilimchoma mke wangu sindano ya kwanza. Akasema Odette alikuwa hodari zaidi. Ile ya jioni ilikuwa nzuri. Nyumba yangu ya Buterere nimemwachia mpwa wangu na maji yake.

Barua yako ililetwa Jumatatu iliyopita. Nilimsomea karatasi ya kwanza, akashika ukuta, akakaa. Nikafungua ya pili. Huwa nasoma macho na mdomo pamoja, lakini siku hiyo macho yalitangulia, yakafika kwenye mstari unaomtaja Mama yenu kabla mdomo haujafunguka. Nikaikunja karatasi. Akauliza mbona sisomi.

Ningeweza kumwambia karatasi imeisha. Asingejua. Nilisema, "Basma, iko karatasi ya pili. Sitairuka na sitaisoma. Hii si ya mdomo wangu, ni ya kaka yako."

Aliuliza kama ni ugonjwa wako. Nikasema apana. Akauliza kama ni jambo baya. Nikasema ndiyo. Amekaa nalo tangu siku hiyo, na usingizi wake si mzuri. Aliolewa huku akijua kuna neno ambalo halijasemwa, na akasema atalisikia akiwa mke wangu.

Shemeji, mimi nilikwenda kuisoma peke yangu nyuma ya nyumba, mara tatu. Nilitaka kukuvunja. Miaka thelathini na minne nimejiita mtu aliyemzuia mtoto asiende kwa mama yake anayekufa. Nilimwoa marehemu mke wangu na aibu hiyo ikiwa ndani ya nyumba. Lakini kiapo kilikuwa changu, hukunitia maneno kinywani, na nisingekiweka pale usingekiokota. Sehemu yangu ninaibeba. Yako sitakubebea. Ukiniuliza kama nimekusamehe, bado, na nikiandika vingine nitakuwa nimeanza kuruka maneno.

Daktari anasema figo za Basma nazo zimeanza kushindwa. Hajui kama ni mwaka au miaka mitatu. Basma ana haki ya kuisikia karatasi hii akiwa na nguvu za kukasirika. Kwa hiyo nitangoja mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Usipokuja, nitamkalisha barazani nimsomee mwenyewe, neno kwa neno, na hatakuwa na mtu wa kumjibu.

Kata ile tiketi uliyotaka kumkatia yeye. Chumba cha mbele amekutandikia kwa kupapasa, shuka limekaa upande. Njoo umwambie kwa mdomo wako. Nataka akikulaumu awe amekushika mkono.

Jaffar